Goti la Karani

Uji ulikuwa bado haujachemka vizuri siku ile Kaari aliposikia watoto wa chekechea wakicheka kicheko ambacho si cha watoto. Kilikuwa kicheko cha watu wazima ndani ya midomo midogo, kile cha kujua jambo. Akauacha mwiko kwenye sufuria, akaenda hadi mlangoni mwa darasa huku akijipangusa mikono kwa leso.

Chekechea ya kanisa pale Kibugu ilikuwa chumba kimoja cha mbao, na nyuma yake chai ilipanda mlima mpaka inaposhikana na msitu. Mpishi wa uji alikuwa Kaari. Mwalimu alikuwa Karimi, kitinda mimba wake. Shule zikiwa wazi Karimi alifundisha, na likizo ikifika aliteremka Embu mjini kusomea kazi hiyo hiyo, mwaka wa pili sasa. Watu walipomuuliza Kaari binti yake anasomea nini, alikuwa akijibu ualimu na kunyamaza hapo. Kusema anasomea namna watoto wanavyocheza kulimtia haya. Nani hakucheza, na nani alifundishwa?

Karimi alikuwa ametenga pembe moja ya chumba na kuiita kona. Hapo watoto walichagua wenyewe watacheza nini. Wa mahali pengine huchagua duka au jikoni. Hawa wa Kibugu walichagua kituo cha majani, pale wakulima wanapopimiwa chai yao. Basi akawatundikia mizani: kamba iliyofungwa kwenye boriti, kifuniko cha mkebe wa mafuta ya Kimbo chenye namba zilizoandikwa kwa makaa, na mshale wa kibati unaozungushwa kwa kidole. Pakiti tupu za maziwa ya Nyayo zilikatwa vipande zikawa risiti. Watoto walipanga mstari, kila mmoja na kikapu chake mgongoni, na ndani yake majani yaliyochumwa kwenye ua wa shule.

Karani alikuwa Njuki mdogo, mjukuu wa Kaari kwa mwanawe wa kwanza, Mutegi, mtoto wa miaka mitano aliyeachwa hapa wazazi wake walipokwenda kutafuta kazi Meru, kule Kinoru. Alipewa jina la babu yake kama desturi inavyotaka, na kwa ajili ya jina hilo Kaari alimwita mume wangu, naye mtoto aliitika bila aibu yoyote. Huyo babu, Njuki mkubwa, ndiye aliyekuwa karani wa kweli katika kituo cha majani ng'ambo ya barabara.

"Leta," Njuki mdogo akasema.

Ntinyari, msichana mwenye meno mawili yaliyong'oka, akatundika kikapu chake. Njuki mdogo akavuta kopo, akaweka mguu juu yake kama mtu aliyechoka na kazi, akainama kuusoma mshale. Goti lake likaingia chini ya kikapu polepole, likakiinua kidogo.

"Kumi na mbili," akasema. "Toa moja ya kikapu. Kumi na moja."

"Karani," Ntinyari akasema, mkono kiunoni, sauti ikiwa ya mama yake kabisa, "toa goti."

"Goti gani? Mimi napumzisha mguu."

"Pumzishia nyumbani kwako."

Mstari mzima ukacheka tena. Nje ya ua, mama yake Ntinyari, Kathure, aliyekuwa amekuja kumchukua mtoto, alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili ili asianguke kwa kicheko. Kisha akamwona Kaari mlangoni. Kicheko kikamkauka, akatafuta mahali pa kuyaweka macho.

"Mama Mutegi," akasema, "uji wako unaungua."

Na kweli ulikuwa unaungua.

*

Habari ilivuka barabara kabla ya chakula cha jioni. Njuki mkubwa alirudi jua likiwa bado juu ya migomba, akatundika koti lake la kazi msumarini, akaketi bila kuomba chai. Kaari alimletea hata hivyo. Karimi alikuwa uani akimwosha mtoto miguu.

"Karimi, njoo hapa."

Akaja, mikono ikidondosha maji.

"Leo kituoni nimeulizwa na mtoto wa watu kama goti langu limepona. Mstari mzima ukakohoa. Unajua kile kikohozi? Mimi nimekuwa karani tangu hujazaliwa, sijawahi kukoholewa."

"Baba, sikuwafundisha mimi."

"Nani mwalimu pale?"

"Mimi ndiye mwalimu. Lakini mchezo ni wao. Tunafunzwa tusiwaingilie, tuangalie, tungoje, tukiona kifaa kinakosekana tuongeze."

"Mnafunzwa kungoja." Njuki akamgeukia mkewe. "Umesikia, Mama Mutegi? Mtoto anateremka Embu na begi, analala huko wiki tatu, anafunzwa kungoja. Nilimtafutia nafasi ya karani wa ofisi kule kiwandani, mezani, na kiti kinachozunguka. Akakataa. Akasema anataka kuketi chini na watoto."

"Nikimaliza cheti naweza kuendelea na diploma," Karimi akasema. "Halafu mkufunzi, kama Madam Kagendo. Anazunguka shule zote za wilaya."

"Na akifika kwenye hizo shule, anaketi wapi?"

Madam Kagendo alijulikana Kibugu kwa hilo. Mwanamke mzima mwenye gari la serikali, anaingia darasani na kuketi kwenye kiti cha mtoto mpaka magoti yanamfika masikioni.

"Hiyo mizani itoke," Njuki akasema. "Wacheze jikoni. Wacheze kanisa."

"Baba, Madam anakuja Alhamisi. Mara ya kwanza alinikuta nimewapanga mistari wakiimba namba, akaniambia watoto wangu wananyamaza vizuri, sasa anataka kuwaona wakicheza. Akikuta kona imekufa nitarudia mwaka mzima."

"Akikuta hiyo mizani utarudia kitu gani? Kamati ya chekechea ni mimi na mzee wa kanisa. Nikisema nafasi yako apewe mtu mwingine, atapewa. Na bila darasa hakuna mafunzo, si ndiyo sheria yenu?"

Ndivyo ilivyokuwa. Waliosomea kazi ile walitakiwa wawe na watoto wa kufundisha, wakipoteza darasa wamepoteza na masomo. Karimi akamtazama mama yake. Kaari akainua kikombe cha mumewe, ambacho kilikuwa hakijaguswa, akakipeleka jikoni akakimwaga.

Kwa sababu Kaari alijua. Kaari alichuma chai yake mwenyewe kwa mikono yake, na mgongo wake ulijua uzito wa kila kikapu alichokipeleka. Kwenye karatasi ya mwisho wa mwezi vilikuwa vizito zaidi. Mwanzoni alifikiri mgongo umeanza kumdanganya. Baadaye akaelewa: kilichoinuliwa na goti kwenye vikapu vya wengine hakikupotea, lori lilipimwa pamoja nacho, na lazima kiandikwe kwa jina la mtu. Hakuwahi kuuliza. Mabati yaliyokuwa juu ya kichwa chake yalitoka huko, na masomo ya Karimi pia yalitoka huko, na nyumbani mwao jambo hili lilikaa kama mgeni ambaye hakuna anayejua ataondoka lini.

*

Jumatano Karimi aliishusha mizani. Alikuja mapema, akafungua kamba, akaficha kifuniko juu ya boriti, akapanga kwenye kona vikombe na vijiko na mwanasesere mmoja wa matambara. Watoto walipoingia walisimama wakaitazama kona ile namna watu wanavyotazama duka lililofungwa.

"Leo kuna jikoni," Karimi akasema. "Nani atapika?"

Ntinyari alipika kidogo kwa heshima tu. Uji wa saa nne ulipofika, Kaari alikuta wamehamia nje chini ya ukuta. Mtoto mrefu kuliko wote alikuwa amenyoosha mkono kama boriti, na vikapu vilitundikwa kwenye mkono wake. Njuki mdogo alikuwa ameweka mguu juu ya jiwe. Goti lilikuwa mahali pake.

"Sasa wamemfanya mwenzao mizani," Kaari akasema.

Karimi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya darasa, kidevu mkononi. "Na huo mkono utachoka, atalia, nitasema mchezo ni mbaya." Akacheka bila furaha. "Mama, ulijua?"

Kaari akaendelea kumimina uji.

"Mama, mimi nauliza. Watoto wote wanajua. Ntinyari anajua. Wanacheza wanachokiona, hawabuni. Hilo ndilo tulilofunzwa siku ya kwanza. Mtoto akicheza ugomvi, kuna ugomvi aliouona. Ulijua?"

"Wape vikombe," Kaari akasema. "Unapoa."

"Sawa, mama."

"Sikukataa kujibu. Nimesema unapoa."

Wakagawa uji. Watoto walipokuwa wakinywa, masharubu meupe juu ya midomo, Kaari akaketi ngazini karibu na binti yake, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, kwa kuwa ngazi ilikuwa ya mwalimu.

"Huyo Madam," akasema, "anaweza kujua kona imekufa? Watoto watashika vijiko, watapika. Yeye atajuaje?"

"Atajua. Hata wewe ulijua ulipoingia."

"Na wewe unataka hii kazi kweli? Si kwa sababu ulishindwa kupata nyingine?"

Karimi alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, na hilo baba yake aliliita uzito wa kichwa. "Nikiwa huko Embu walitupeleka wodi ya watoto," akasema. "Kulikuwa na mtoto aliyeungua, haongei na mtu. Yule mkufunzi hakumwambia chochote. Aliketi na sufuria ndogo na vijiti, akaanza kuwasha moto wa uongo. Siku ya tatu mtoto akaja akaupuliza ukazimika. Akaupuliza tena na tena. Ndipo akaongea. Mimi nataka kujua kufanya vile."

Kaari alitazama mkono wa yule mtoto mrefu, ulioanza kutetemeka chini ya kikapu kwa kuwa wengine walikuwa wamemaliza uji na kurudi kazini.

*

Alhamisi asubuhi ni Kaari aliyefika kwanza. Alipanda juu ya benchi, akapapasa boriti, akakishusha kifuniko. Karimi alipoingia alikuta mama yake anafunga fundo la mwisho, nalo si fundo zuri.

"Mama, baba atasema nini?"

"Atasema ni mimi. Nitamwambia nilitundika mimi."

"Atakuja. Jana alisema atakuja kuangalia."

"Aje. Kamati ina haki ya kuja." Akateremka, akajipangusa vumbi. "Mimi narudi kwenye uji wangu."

Madam Kagendo alifika na faili kwapani, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akaamkiana na kila mtu hadi mpishi, akatafuta kiti kidogo kuliko vyote akakikalia. Nyuma yake akaingia Njuki mkubwa na koti lake la kazi limepigwa pasi. Aliona mizani kabla ya kuvua kofia. Akamtazama Karimi, kisha akamtazama mkewe mlangoni, na Kaari hakuyaondoa macho yake. Mbele ya mgeni hapakuwa na la kusema. Njuki akasimama ukutani na kofia mkononi. Nje ya ua Kathure na wenzake wawili walikuwa wamechelewa sana kwenda kuchuma siku hiyo.

"Endeleeni kama kila siku," Madam akasema. "Mimi sipo."

Watoto walimwamini, maana watoto wakiambiwa mtu hayupo huwa hayupo. Mstari ukapangwa. Kopo likavutwa. Ntinyari akatundika kikapu, na Njuki mdogo, akiwa amempa babu yake mgongo, akaweka mguu juu ya kopo.

"Kumi na mbili. Toa moja ya kikapu."

Njuki mkubwa alikohoa kidogo. Karimi alisikia, mabega yake yakapanda. Kaari aliona mdomo wa binti yake ukifunguka ili kusema jambo, kuwaita watoto kwenye wimbo labda, au kumwambia karani apumzike mwingine achukue zamu. Kisha ukafungwa. Karimi akachukua kikapu kilichokuwa sakafuni, akakiweka mgongoni, akasimama nyuma ya mstari kama mkulima mwingine yeyote.

Zamu yake ilipofika alipiga magoti ili kikapu kifike kwenye kamba.

"Habari ya kazi, karani. Naona mguu umechoka."

"Umechoka sana."

"Pole. Nisomee basi."

"Kumi."

"Na mguu ukishuka, mshale unasema nini?"

Njuki mdogo hakuwa amewahi kuulizwa hilo. Alishusha mguu, akakitazama kifuniko, akausogeza mshale kwa kidole huku akihesabu kwa midomo. "Kumi na tatu."

"Kumbe. Hizo tatu zilikuwa wapi?"

"Juu ya goti."

"Na baadaye zinaenda wapi?"

Aliuliza kama anavyoulizwa mtoto yeyote kuhusu kitu chochote, ili afikiri. Njuki mdogo hakuhitaji kufikiri. Jumamosi zote alikuwa akishinda kituoni na babu yake, ameketi juu ya magunia mpaka lori linapopakiwa.

"Zinaenda kwa cucu," akasema, na akamwonyesha nyanya yake kwa kidole, pale mlangoni, ili mkulima huyu asiyejua mambo asipotee.

Hakuna aliyekohoa. Kathure kule nje ya ua aliinamisha kichwa akaangalia chini. Njuki mkubwa alikuwa akizungusha kofia mikononi, ukingo baada ya ukingo. Na Karimi, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, hakugeuka kumtazama mama yake. Alifunzwa kungoja, akangoja.

Kaari alikuwa na mwiko mkononi. Angeweza kurudi kwenye uji. Hilo ndilo alilolifanya miaka yote, kurudi kwenye uji. Akauweka mwiko juu ya dirisha, akaingia ndani, akakuta kwamba kwenye mchezo wa watoto hakuna mahali pa kusimama ukiwa mrefu. Akaketi sakafuni, miguu imenyooka mbele, na leso akaitandaza juu ya mapaja.

"Ni kweli, mume wangu," akamwambia mtoto. "Huwa zinakuja kwangu. Nyingi. Leta kikapu cha cucu tuone."

Njuki mdogo akakokota kikapu kilichokuwa kimejaa kuliko vyote. Kaari akaupindua ukingo wake, majani yakamwagika kwenye leso.

"Haya ya nani?"

"Yangu," Ntinyari akasema mara moja.

"Chukua."

Mwingine akasema yake, na mwingine. Walichota kwa viganja viwili bila kubishana sana, isipokuwa wawili waliogombania tawi lenye ua. Leso ilipobaki tupu, Njuki mdogo aliitazama, kisha akamtazama nyanya yake kwa huruma.

"Sasa wewe umebaki bila."

"Nitachuma," Kaari akasema. "Mikono ninayo."

Madam Kagendo alikuwa ameacha kuandika. Njuki mkubwa hakuwa tena ukutani.

*

Madam alipoondoka alimwambia Karimi maneno machache tu, kalamu tayari mfukoni. "Ulitaka kuwakatiza. Nilikuona. Kwa nini hukuwakatiza?"

"Niliogopa, Madam."

"Uliogopa ukanyamaza, au uliogopa ukangoja?"

Karimi alifikiri. "Mwanzo la kwanza. Halafu la pili."

"Basi umefaulu kwangu. Kwa kamati sijui, hayo ni ya kwenu hapa." Akajiinua kutoka kwenye kile kiti kwa kushika ukuta.

Kaari hakwenda kituoni alasiri ile, ingawa kikapu chake kilikuwa kimejaa. Alimpa Njuki mdogo akipeleke kwa toroli pamoja na mtoto wa jirani, naye akabaki anapalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Alikuwa akisikiliza barabara. Hakusikia kelele, hakusikia kicheko. Lori lilikuja na kuondoka.

Njuki mkubwa alirudi jua likizama, akatundika koti. Karimi akatoka jikoni akasimama, tayari kusikia kwamba hana darasa. Baba yake akaketi. Akaivuta suruali juu ya mguu wa kushoto.

"Goti linaniuma," akasema. "Mama Mutegi, kuna ile dawa ya kuchua?"

Kaari akaileta. Alipiga magoti akamchua polepole, dole gumba likizunguka mfupa, na harufu kali ya dawa ikajaa chumba. Hakukuwa na uvimbe. Goti lilikuwa zima kabisa, goti la mtu anayetembea vizuri. Aliendelea kulichua hata hivyo.

"Linauma tangu lini?"

"Leo."

"Kesho utaliweka wapi?"

"Nitaangalia." Kisha, bila kumtazama Karimi: "Ile kofia yangu niliiacha huko shuleni kwenu. Asubuhi uniletee." Akasogeza kiti karibu na moto. Ya kamati hakuyasema, usiku huo wala baadaye.

Ijumaa Kaari aliwahi kuwasha moto wa uji. Hakuwa amemuuliza mumewe kilichotokea kituoni, na mtoto, aliyekuwa amepeleka kikapu huko, hakuwa amesimulia, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Watoto walipoingia kwenye kona aliacha mwiko, akaja mlangoni.

Njuki mdogo alikuwa amevaa kofia ya babu yake, imemfunika mpaka nyusi. Ntinyari akatundika kikapu. Karani akalitazama kopo, akalisukuma pembeni kwa mguu. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akafunga mikono mgongoni, akasimama wima kama askari.

"Karani, mbona uko mbali?" Ntinyari akauliza.

"Goti langu linauma," akasema kwa sauti nzito. "Ngojeni mshale utulie."

Mstari mzima ukangoja. Mshale wa kibati ulikuwa umetulia tangu mwanzo, maana hakuna aliyeugusa, lakini waliutazama wote kwa makini, na Kaari naye akautazama pamoja nao.